Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa: kwa nini upasuaji wa hatua tatu, na je, ataweza kujizuia?

Baba wa Kifungua Mimba

Ndugu zangu, habari zenu. Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume wiki sita zilizopita. Mkunga alipomkagua aligundua kwamba mahali panapopaswa kuwa na tundu la haja kubwa palikuwa na ngozi tupu, yenye kibonyeo kidogo tu. Walimweka kwa saa 24 bila kunyonya, akiwa na mpira puani na dripu mkononi, na katika muda huo mkojo wake ulionekana kuchanganyika na kinyesi. Siku ya pili akafanyiwa upasuaji, utumbo ukatolewa kwenye ngozi ya tumbo upande wa kushoto, na choo sasa hutokea hapo na kuingia katika mfuko. Ananyonya vizuri na uzito unaongezeka. Tumeambiwa kwamba bado atarudi kwenye chumba cha upasuaji mara mbili, mara moja kutengenezewa njia na mara nyingine kufungwa hilo tundu la tumboni.

Wodini tulikuwa jirani na familia yenye mtoto wa kike ambaye naye hakuwa na njia, lakini alifanyiwa upasuaji mara moja tu akaruhusiwa. Jirani wa pili alikuwa na mtoto mwenye tundu lake kama kawaida, ila choo hakitoki na tumbo limevimba, akaambiwa kuwa sehemu ya utumbo haina neva. Naomba kuelewa kwa nini wetu apitie kisu mara tatu wakati mwenzake amemaliza kwa siku moja, na itachukua muda gani. Swali la tatu ndilo linalomnyima mama yake usingizi: akikua, ataweza kujizuia kama watoto wengine?

Daktari wa Upasuaji wa Watoto

Baba, hongera kwa mtoto na pole kwa mashaka. Nitajibu kwa jumla, kwa kuwa mtoto sijamwona wala picha zake sijaziona.

Wako na yule wa kike wana kasoro za jamii moja, ambazo hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya kila 5,000 wanaozaliwa. Puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana, haikufika mahali pake katikati ya misuli ya kubana choo, bali imefungukia kwingine kupitia kijinjia chembamba tunachokiita fistula. Tiba karibu yote huamuliwa na mahali fistula hiyo ilipofungukia. Ikiwa ni kwenye ngozi ya msamba, mbele kidogo ya mahali panapostahili, puru iko karibu sana na daktari anaweza kuisogeza kwa upasuaji mmoja katika siku za mwanzo, bila kugusa tumbo. Kwa wasichana wengi hufungukia nje kidogo ya mlango wa uke, na hapo madaktari hutofautiana: wenye uzoefu mkubwa hutengeneza mara moja, wengine hutanguliza kolostomia, yaani tundu la choo tumboni kama alilowekewa mtoto wako, ili kidonda kipone bila kuguswa na choo. Kwa mvulana ambaye kinyesi kimeonekana kwenye mkojo, fistula imeingia kwenye mrija wa mkojo au, kwa wachache zaidi, kwenye shingo ya kibofu. Huyo ndiye wako, na zile saa 24 za kusubiri zilikuwa za kumpa nafasi atuonyeshe hivyo yeye mwenyewe.

Sababu ya kutomaliza kazi siku ile ile ni kwamba daktari alikuwa bado hajui puru imeishia wapi. Akiingia kwa nyuma na kuitafuta kwa kubahatisha, anaweza kukutana na mrija wa mkojo, mirija ya mbegu za kiume au neva za kibofu kabla hajaifikia puru yenyewe, na madhara ya hapo hayarekebishiki kirahisi. Nimepokea watoto waliotafutwa namna hiyo, na ningependa nisipokee wengine. Kolostomia humwezesha mtoto kutoa choo leo, kisha hutupa nafasi ya kupiga picha kwa utulivu. Dawa inayoonekana kwenye eksirei husukumwa kwenye tundu la pili la tumboni, lile la kipande cha chini cha utumbo, lisilotoa choo, mpaka ijaze puru na kupenya kwenye fistula. Isiposukumwa kwa shinikizo la kutosha, misuli ya nyonga hubaki imebana na picha hudanganya, ikionyesha puru iko juu kuliko ilivyo. Kati ya vipimo vyote mtakavyoandikiwa, hiki msikubali kirukwe.

Upasuaji wa pili, kwa wengi wetu, ni ule ambao Alberto Peña na Pieter de Vries waliufanya kwa mara ya kwanza nchini Meksiko mwaka 1980. Mtoto hulazwa kifudifudi, mkato hupita katikati kabisa ya makalio, na kifaa chenye umeme hafifu huigusa misuli ili ijikunje na kuonyesha mipaka yake. Sehemu inayotutoa jasho ni kuitenganisha puru na mrija wa mkojo, kwa sababu kuta zake zimeshikana. Baada ya hapo kuipitisha katikati ya misuli si kazi kubwa. Fistula ikiwa kwenye shingo ya kibofu, puru haifikiki kwa nyuma, hivyo huteremshwa kutoka tumboni, siku hizi mara nyingi kwa kamera na vifaa vyembamba, kama Keith Georgeson na wenzake walivyoeleza mwaka 2000. Msishawishike, hata hivyo, kwamba kamera ni bora kwa kila mtoto. Fistula ikiwa chini, ni rahisi kwa njia hiyo kuacha kibaki cha puru kwenye mrija wa mkojo, nacho huja kusumbua miaka mingi baadaye.

Kuhusu muda, mtoto anayekua vizuri anaweza kufanyiwa upasuaji wa pili akiwa na mwezi mmoja hadi mitatu. Wiki mbili baada ya hapo kwa kawaida huanza utanuzi wa tundu jipya kwa vyuma laini vinavyoongezwa ukubwa taratibu, kisha kolostomia hufungwa baada ya wiki kadhaa, tundu likishafikia kipimo cha umri wake. Wapo wenzetu walioacha kufanya utanuzi kwa kila mtoto na kuubakiza kwa yule anayeonyesha dalili za kubanwa, hivyo mfuate utaratibu wa daktari wenu.

Swali la mama ni gumu zaidi, nami sipendi kulijibu kwa kupoza moyo tu. Tukiwachukua watoto wa kasoro hizi zote kwa pamoja, takriban robo tatu huweza kwenda choo kwa hiari yao baada ya kufikisha miaka mitatu, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa. Wenye fistula ya msamba hufanikiwa karibu wote, wenye fistula ya sehemu ya chini ya mrija wa mkojo hufanikiwa wengi, na wenye fistula ya shingo ya kibofu hufanikiwa wachache. Hali ya sakramu, ule mfupa wa chini ya mgongo, nayo ina neno lake: ikiwa fupi au haikuumbika vizuri, neva zinazoamuru misuli huwa nazo zimepungua, na hakuna mshono wa daktari unaoweza kuziumba upya. Asiyeweza kujizuia bado anaweza kuwa mkavu na msafi kwa njia nyingine, na hilo naona ni vyema alieleze mtu aliyeliishi.

Mama wa Wawili

Nimesoma nikamkumbuka yule jirani yenu wa pili, kwa sababu mimi ndiye jirani wa aina hiyo. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung. Karibu watoto wote waliozaliwa kwa wakati wao hutoa kile kinyesi cheusi cha kwanza ndani ya saa 48. Wangu hakutoa, akaanza kutapika matapishi ya kijani, na daktari alipompima kwa kidole upepo na choo vilitoka kwa nguvu, kisha tumbo likalegea kwa siku moja na kuvimba tena. Ugonjwa ulithibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya ukuta wa puru na kuvitazama kwa hadubini, ambapo hazikuonekana chembe za neva zinazopaswa kuusukuma utumbo.

Nilichoshindwa kukielewa kwa muda mrefu ni kwamba sehemu iliyovimba ndiyo nzima. Ile iliyosinyaa, inayoonekana haina tatizo lolote, ndiyo iliyokosa neva, na choo hurundikana juu yake. Daktari wetu alinifariji kwamba hata mabingwa walikosea hapo: Harald Hirschsprung alieleza ugonjwa huu mwaka 1886, na kwa miongo mingi utumbo ulioshughulikiwa ulikuwa ule uliotanuka, hadi Orvar Swenson alipoonyesha mwaka 1948 kwamba dawa ni kukata sehemu iliyosinyaa na kuushusha utumbo wenye neva hadi chini.

Wangu hakuwekewa kolostomia. Kipande kilichokosa neva kilikuwa kifupi, kama ilivyo kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu, nasi tulifundishwa kumwosha utumbo nyumbani kwa mpira laini na maji ya chumvi ya hospitali, mara mbili kwa siku, mpaka alipofikisha miezi mitatu. Upasuaji wenyewe ulipitia kwenye njia ya haja kubwa, bila mkato wa tumboni. Wale ambao utumbo mpana wote hauna neva, au waliofika hospitalini wakiwa wamevimba mno na hali mbaya, kwao kuutoa utumbo tumboni kwanza ndiyo salama.

Nina onyo moja kwa yeyote mwenye mtoto wa aina hii. Mwezi mmoja baada ya upasuaji mtoto wangu alivimba tumbo, akapata homa na kuharisha choo chenye harufu kali kupita kiasi. Katika kituo cha kwanza nilichokimbilia niliambiwa ni kuhara kwa kawaida, nikapewa dawa ya chumvi na sukari nirudi nyumbani. Sikurudi. Niliwasomea barua ya upasuaji niliyokuwa nayo mkobani, nikaomba gari la kutupeleka kwa daktari wetu, na huko akaoshwa utumbo na kuanzishiwa antibiotiki ya mshipani usiku uleule. Huo ulikuwa uvimbe wa utumbo unaowapata watoto wa Hirschsprung kabla ya upasuaji na hata baada yake, na unaweza kumuua mtoto ndani ya muda mfupi. Barua hiyo bado natembea nayo, ingawa mwenyewe sasa yuko darasa la kwanza.

Muuguzi wa Kolostomia

Naomba niongezee yale ya nyumbani, maana daktari humwona mtoto kwa nusu saa na ninyi mko naye mchana kutwa.

Utumbo unaoonekana nje unapaswa kuwa mwekundu wenye unyevu kama sehemu ya ndani ya mdomo, na hauumi ukiguswa, kwa sababu hauna hisia za maumivu kama ngozi. Ukitoa tone la damu wakati wa kuosha si jambo la kutisha. Ukigeuka kuwa wa zambarau au mweusi, ukachomoza ghafla kuliko ulivyozoeleka na kukataa kurudi, au mtoto akaacha kutoa choo huku anatapika, msisubiri asubuhi. Kipande cha kubandika mfuko kikatwe kufuata umbo la utumbo, kikiacha nafasi ya milimita mbili au tatu tu kuzunguka, kwani ngozi inayobaki wazi ndiyo inayochubuka. Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja, kabla uzito haujaung'oa. Familia zisizopata mifuko mara kwa mara hutumia kitambaa safi laini juu ya tabaka nene la marhamu yenye zinki, na nimeona watoto wao wakiwa na ngozi nzuri kuliko wengine wenye mifuko ya gharama.

Pimeni uzito kila wiki. Mtoto anayetoa choo chepesi kingi kupitia tundu la tumboni hupoteza chumvi pamoja na maji, naye anaweza kuacha kuongezeka hata kama ananyonya vizuri. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa kipimo cha damu au mkojo na hutibika, lakini kwanza lazima mtu ashtuke kwamba mizani imesimama.

Hatua ambayo wazazi hawaandaliwi ipasavyo ni wiki za kwanza baada ya kolostomia kufungwa. Ngozi ya makalio haijawahi kuguswa na choo tangu mtoto azaliwe, na sasa inapokea choo mara nyingi kwa siku, pengine mara kumi na zaidi, usiku na mchana. Inachubuka hadi kutoa damu. Wazazi hudhani upasuaji umeharibika, wakati kwa kawaida idadi ya choo hupungua yenyewe kadiri majuma yanavyopita. Anzeni kupaka marhamu siku ile ile ya kufungwa, kabla ya wekundu wa kwanza. Osheni kwa maji na pamba bila kusugua, acheni ngozi ikauke, kisha pakeni tabaka nene, na choo kinachofuata kiondolewe juujuu bila kuifuta marhamu yote. Wapo wazazi niliowashauri waanze kupaka choo cha kolostomia chenyewe makalioni wiki chache kabla, dakika chache kwa siku, ili ngozi izoee. Wengine hunicheka, lakini hurudi kunishukuru.

Kuhusu utanuzi, chagueni mtu mmoja au wawili watakaoufanya, kwa mkono ule ule na saa zile zile. Mtoto hulia zaidi kwa kushikwa kuliko kwa maumivu, na mkono wenye hofu hushika kwa nguvu.

Nilizaliwa Hivyo

Kwa kuwa daktari ametaja mtu aliyeliishi, nina miaka 26 na fistula yangu ilikuwa kwenye shingo ya kibofu. Siwezi kujizuia. Naandika sentensi hiyo bila aibu, kwa sababu hakuna mtu kazini kwangu anayeijua wala aliye na sababu ya kuijua.

Mpaka nilipofika umri wa miaka saba nilivaa nepi chini ya sare ya shule, na kila mtu aliyetusaidia alidhani dawa ni kuongeza mazoezi ya kukaa chooni. Ilikuwa kama kumwambia mtu asiye na sikio asikilize kwa bidii. Hatimaye tulifika kwa daktari aliyetufundisha kuosha utumbo kwa utaratibu: kila siku kwa saa ileile, nilipigwa bomba la maji ya chumvi yaliyochanganywa na gliserini, nikakaa chooni dakika 45 hivi, na utumbo ukabaki mtupu kwa saa 24. Kiasi kilitafutwa kwa juma zima, tukipiga eksirei ya tumbo kila siku kuona kama umesafika kweli, na kikibadilishwa kufuatana na picha na kama nguo ya ndani ilibaki safi. Ninasisitiza juma hilo, kwa kuwa familia nyingi hujaribu bomba mara mbili kwa kukisia, likashindwa, wakaamua kwamba halifai.

Kuna kosa lingine linalofanana na hilo. Wapo watoto wenye uwezo mzuri wa kujizuia ambao huchafua nguo kwa sababu choo kimefunga, kikarundikana, na chepesi kinavuja pembeni. Hao wanahitaji dawa ya kulainisha na kusukuma choo kila siku, na wakisafishwa hujikuta kumbe wanaweza. Mwenzangu mmoja wa kliniki aliishi miaka mitano akihesabiwa katika kundi langu wakati alikuwa wa kundi hilo la pili.

Nilipofika miaka tisa nilikataa kupigwa bomba na mama, na nadhani mtoto yeyote wa umri huo angekataa. Nikafanyiwa upasuaji ambao Malone na wenzake waliueleza mwaka 1990: kidole tumbo kiliunganishwa na kitovu, kikawa kijinjia ambacho kwacho naingiza katheta, yaani mrija laini mwembamba, na maji hupita kutoka mwanzo wa utumbo mpana kwenda chini nikiwa nimekaa chooni mwenyewe, mlango umefungwa kwa ndani. Hakuna jambo katika matibabu yangu lililonipa utu wangu kama huo mlango. Si kila mtoto anauhitaji. Nadhani nao usubiri mpaka bomba la kawaida liwe limethibitika kwamba linamsafisha, kwani upasuaji huu hubadilisha njia ya maji kuingilia tu.

Baba wa Kifungua Mimba

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama yake maelezo ya ndugu wa mwisho mara mbili. Leo nimepitia faili la mtoto: moyo umepimwa, figo zimepigwa ultrasaundi na ziko sawa, na ile picha ya dawa imepangwa wiki ijayo. Mgongo sijaona mahali umeandikwa. Je, ni jambo la haraka, au linaweza kusubiri upasuaji uishe?

Daktari wa Upasuaji wa Watoto

Lisisubiri, Baba. Takriban nusu ya watoto wenye kasoro hizi huwa na tatizo jingine mahali pengine, ndiyo maana moyo na figo vilitangulizwa. Ugwe wa mgongo nao unaweza kuwa umenaswa chini, usipande mtoto anavyokua, ukaharibu mkojo, choo na hata miguu. Kwa sasa mifupa ya mgongo wake bado ni laini na ultrasaundi inapenya, kipimo cha dakika chache bila dawa ya usingizi. Baada ya miezi mitatu hivi mifupa hukomaa, ultrasaundi haioni tena, na inabidi apigwe picha ya MRI ambayo kwa mtoto mdogo mara nyingi huhitaji kulazwa usingizi. Ana wiki sita, kwa hiyo muda bado upo. Wiki ijayo mnapokwenda kwa picha ya dawa, ombeni afanyiwe ultrasaundi ya mgongo siku hiyo hiyo, na muulize pia eksirei ya sakramu, ili siku ya upasuaji daktari awe na picha zote tatu mkononi.